Mama Pazia Anajibu: Waliokataliwa na Studio

Toleo lililopita niliigusia filamu ya The Godfather kwa sentensi moja tu, na mkoba wa barua ukafurika. Basi maswali ya maleba na ya kukodi taa yatangoja. Leo tunaongea kuhusu jinsi waigizaji wa filamu hiyo ya 1972 walivyopatikana, maana wengi wenu mmesikia nusu ya kisa na nusu nyingine mmeibuni wenyewe. Asiyeijua filamu yenyewe aelewe tu kwamba ni hadithi ya mzee Vito Corleone, bosi wa genge la wahalifu wa Mafia huko New York, na wanawe Sonny, Fredo, Michael na Connie. Kwa wageni wa safu hii: mimi ni mwelekezi wa kundi la maigizo hapa Kisumu. Tunazunguka shule za upili tukiigiza vitabu vya fasihi vinavyotahiniwa, kuanzia Ahero hadi Bungoma, na muhula ukituruhusu tunafika mpaka Nakuru. Kumpa huyu nafasi na kumnyima yule ndiyo sehemu ya kazi inayonikosesha usingizi, kwa hiyo visa hivi nikivisoma huwa sicheki sana.

*

"Mama Pazia, hujambo? Rafiki yangu ananibishia kwamba Marlon Brando, pamoja na jina lake lote, alifanyiwa majaribio kama sisi tu, na kwamba alijaza pamba mdomoni. Mimi nasema ni porojo. Tumewekeana soda." – Mpenda Sinema, Kondele

Mnunulie soda yake, na iwe baridi.

Mwaka wa 1970 Brando alikuwa ameshashinda Oscar kwa On the Waterfront, lakini filamu zake za karibuni zilikuwa zimeanguka moja baada ya nyingine, na kila mtayarishaji alijua kwamba ukimwajiri utacheleweshewa kazi na gharama zitapanda. Mario Puzo, mwenye riwaya iliyozaa filamu hiyo, alimtaka awe Vito. Francis Ford Coppola, mwelekezi, alimtaka. Lakini Stanley Jaffe, rais wa Paramount, studio yenye filamu hiyo, aliapa kwamba maadamu yeye yuko kwenye kiti hicho, Brando hataonekana katika filamu ile. Coppola husimulia mwenyewe kwamba hapo alijiangusha kwenye zulia la ofisi kama mwenye kifafa. Mimi nimewahi kutaka kufanya hivyo mbele ya mhasibu wa shule moja aliyetaka tuigize kwa nusu bei, ila sakafu yao ilikuwa ya simiti.

Wakamkubalia kwa masharti matatu: Brando apokee malipo madogo, atoe dhamana kwamba vituko vyake havitachelewesha kazi, na afanyiwe jaribio mbele ya kamera. Hilo la mwisho ndilo lililokuwa gumu. Mtu wa kiwango kile humwambii aje kupanga foleni. Coppola akamwambia kwamba ni kujaribu vipodozi tu. Akafika kwake Los Angeles asubuhi na mapema na watu wachache, akapanga soseji za Kiitaliano, jibini na sigara mahali ambapo mwenye nyumba angeviona, kisha akanyamaza. Brando akatoka chumbani amevaa joho la Kijapani, nywele ndefu za rangi ya dhahabu. Akazikunja nyuma, akazipaka rangi nyeusi ya viatu. Akachana tishu, akazisukuma mashavuni, akasema mzee huyu anapaswa kufanana na buldogi. Akaikunjakunja kola ya shati. Simu ya nyumbani ikalia, akaipokea akiwa vilevile, akanguruma kidogo bila kutamka neno la maana. Alikuwa hajafikisha miaka hamsini, na tayari alikuwa amezeeka mbele ya macho yao. Coppola akaipeleka kanda New York kwa Charles Bluhdorn, mkuu wa kampuni iliyomiliki Paramount. Bluhdorn alipomtambua Brando akaanza kukataa, lakini akaendelea kutazama, na kufika mwisho ubishi ulikuwa umekwisha.

Kwa hiyo siku ya jaribio zilikuwa tishu. Wakati wa kupiga filamu yenyewe, daktari wa meno alimtengenezea kifaa cha kuvaa mdomoni, na kifaa hicho kimewekwa kwenye jumba la makumbusho la sinema huko Queens, New York. Nawaeleza hili kwa sababu kijana mmoja wa kundi letu alisikia kisa cha tishu, na bila kuniambia akakijaribu shuleni, upande wa Maseno. Alikuwa anaigiza chifu mstaafu. Hotuba ya kwanza ilikwenda vizuri. Kufika ya pili tishu zimelowa mate, na wasichana wa safu ya mbele wanaona kipande cheupe kikichungulia pembeni mwa mdomo kila anapotamka "wananchi". Akakimeza. Makofi yaliyofuata hayakuwa ya chifu.

*

"Mama Pazia, mwanangu yuko Kidato cha Pili. Anapenda drama kufa, lakini mwalimu wa klabu amemwambia hawezi kuwa mfalme kwa sababu ni mfupi, na mfalme lazima aonekane. Analia chumbani. Nimwambie aachane nayo ashike vitabu?" – Mama wa Njoro

Mama mwenzangu, asiache. Hoja ya mwalimu huyo ndiyo hiyohiyo ambayo Paramount waliishikilia dhidi ya Al Pacino kwa nafasi ya Michael, mwana wa Vito. Walimtaka Robert Redford. Walimtaka Ryan O'Neal. Wakamjaribu Martin Sheen, wakamjaribu hata James Caan katika nafasi hiyo ya Michael. Pacino alikuwa mfupi, na watu wa sinema hawakumjua, ingawa jukwaani alikuwa ameshapata tuzo ya Tony mwaka wa 1969. Na mbele ya kamera ya majaribio hakujisaidia. Maneno hakuwa ameyashika, anayatafuta hewani. Lakini Coppola anasema kwamba tangu alipoisoma riwaya, kila alipofika mahali Michael anatembea huko Sicily, sura aliyoiona ilikuwa ya Pacino. Na kweli, babu na nyanya wa Pacino kwa upande wa mama walitoka mji wa Corleone, huohuo ambao familia ya kwenye hadithi imebeba jina lake.

Kupewa kazi hakukumaliza vita. Filamu ilianza kupigwa Machi 1971, na baada ya muda mfupi wakubwa walikuwa wakitazama picha za kila siku na kuulizana kijana huyu anafanya nini. Amekaa arusini. Anamweleza mpenzi wake habari za nyumbani. Kanyamaza. Wao waliona ulegevu. Hawakutambua kwamba mhusika mwenyewe huanzia hapo, kwa kuwa ndiye mtoto asiyetaka kuguswa na biashara ya baba. Fununu za kufutwa zikamfikia hata Pacino. Coppola akapangua ratiba, akaileta mbele sehemu ya mkahawani.

Itazame tena sehemu hiyo ukiwa na mwanao, kama unaona umri wake unaruhusu. Mkahawa unaitwa Louis, uko Bronx. Michael amekaa na watu wawili anaokusudia kuwaua, na bastola imefichwa msalani. Anaifuata, anarudi, na badala ya kufyatua mara moja anaketi. Mwenzake anaendelea kuongea Kiitaliano, lakini kamera haimjali anayeongea, inakwenda usoni mwa Pacino. Macho yanaruka huku na kule, hayatui popote, na nje treni inazidi kupiga kelele. Hana hata neno moja la kusema. Walipoiona hiyo, habari ya kimo ikazikwa. Katika kukimbia baada ya mauaji Pacino aliteguka kifundo cha mguu akirukia gari, na amesimulia kwamba alilala pale chini akiona afadhali, maana sasa wamepata sababu ya kumwachisha.

Turudi Njoro. Kimo jukwaani ni ujanja wa mwelekezi. Mfalme akiketi na wengine wakisimama wakimwinamia, hakuna mtazamaji atakayekwenda na rula. Watu huangalia pale wanapoangalia wahusika wengine. Muone mwalimu mwenyewe, kwa upole, wala usipitie kwa mwalimu mkuu, maana ukipitia huko atakayelipa ni mtoto. Omba jambo moja tu: amsikilize akisoma pale mfalme anapoletewa habari mbaya. Hotuba ya kutawazwa mwache aisome mwingine, hiyo inamtaka mtu mwenye kifua tu. Akikataa baada ya kumsikiliza, kijana achukue nafasi yoyote yenye kusikiliza kwingi na kusema kuchache, huko ndiko wanakojulikana. Na machozi ya chumbani yasikutie hofu. Wavulana wanaolia ndio ninaowatafuta mimi.

*

"Coppola alimwajiri dadake, babake na hata mtoto wake mchanga. Hapa kwetu tungesema ni kujuana, tuandike barua kwa gazeti. Mbona huko wanaitwa wasanii?" – Mwalimu, Mumias

Ni kujuana, mwalimu, sitazunguka mbuyu. Talia Shire, anayeigiza Connie, ni dadake wa tumbo moja. Baba yao, Carmine Coppola, yumo akipiga piano, na baadhi ya muziki ni wake. Mtoto wa kiume anayebatizwa mwishoni ni Sofia, bintiye Coppola, aliyekuwa na majuma machache tu tangu azaliwe.

Lakini tuwapime mmojammoja. Mtoto mchanga hana cha kufuzu, kazi yake ni kulala na kulia, na huyo alifanya yote mawili. Dada? Coppola mwenyewe alisita, akiona kwamba Connie anapaswa kuwa msichana asiyevutia sana ambaye mume amemfuata kwa ajili ya ukoo wake. Talia aliteuliwa kuwania Oscar kwa filamu ya pili ya The Godfather, na baba akashinda Oscar kwa muziki wa filamu hiyohiyo, pamoja na Nino Rota. Ningekuwa mimi, wawili hao ningewachukua hata kama wangekuwa wageni kutoka Webuye.

Ya 1990 ndiyo siwezi kuitetea. Katika filamu ya tatu Winona Ryder aliugua akajiondoa, na Coppola akamweka Sofia, msichana asiye na uzoefu wa nafasi kubwa, katikati ya watu wa aina ya Pacino. Wahakiki walimrarua. Lawama zilikuwa za baba, lakini aliyezibeba ni binti. Baadaye aliingia nyuma ya kamera, na mwaka wa 2004 akapokea Oscar ya uandishi kwa Lost in Translation, kwa hiyo usimwonee huruma kupita kiasi.

Kwenye kundi letu ndugu wa mtu anaruhusiwa kuja kwenye majaribio, ila anasoma wa mwisho na yule aliye ndugu yake anatoka nje. Mpwa wangu ameshaanguka hivyo, na mama yake bado hajanisalimia vizuri.

*

"Mimi ni mtu wa bodaboda hapa Luanda. Lile pandikizi la mtu, Luca Brasi, linalobabaika mbele ya bosi wake, lilikuwa linaigiza au liliogopa kweli? Na ni kweli Mafia ndio waliochagua waigizaji?" – Abiria Mmoja Tu, Luanda

Aliogopa kweli, kaka. Lenny Montana alikuwa mwanamieleka, na kwa masimulizi ya waliokuwepo, alifika kwenye seti akiwa mlinzi wa mtu wa genge la Colombo. Wakaona mwili ule, wakampa nafasi. Kumbe mtu anayeweza kumnyanyua mwenzake juu ya kamba za ulingo hawezi kumtazama Brando machoni. Maneno yakamkwama. Wakarudia, yakamkwama tena.

Mwelekezi mwingine angembadilisha. Coppola akayaacha mabaka yote ya ile hotuba, kisha akaongeza kipande kifupi ambapo Luca ameketi peke yake arusini akikariri shukrani zake kwa sauti ya chini. Basi, shida imekwisha. Sasa anapobabaika ndani ya ofisi ya bosi, sisi tunajua amekuwa akijiandaa mchana kutwa na tunamhurumia, jitu zima lile. Katika filamu yote hakuna uamuzi wa kielekezi ninaouhusudu kama huo. Mwaka jana nilikuwa na kijana anayeigiza wakili, anagugumia akifika kwenye neno "mheshimiwa". Nikamwongezea karatasi mkononi, kila akikwama anaikunja. Wanafunzi walidhani ndivyo kitabu kinavyotaka.

Kuhusu Mafia: kulikuwa na chama cha kutetea haki za Wamarekani wenye asili ya Italia, kiongozi wake Joe Colombo, ambaye ndiye pia aliyekuwa bosi wa genge lile la Colombo, na kiliipinga filamu hiyo vikali. Mtayarishaji Al Ruddy akaenda kuketi nao, wakaafikiana kwamba neno "Mafia" liondolewe kwenye muswada, ambamo hata hivyo lilikuwa nadra. Colombo alipigwa risasi Juni 28, 1971 pale Columbus Circle, filamu ikiwa bado inapigwa jijini humohumo. Lakini nafasi kubwa ziligombaniwa kati ya Coppola na Paramount. Hebu angalia: Brando ni wa Nebraska, James Caan ni mtoto wa familia ya Kiyahudi, Robert Duvall naye si Mwitaliano. Kama kweli wale mabwana ndio waliochagua, walijisahau.

*

"Tumebishana darasani: kichwa cha farasi ni cha kweli? Na yule paka?" – Wanafunzi Watatu, Kaptembwo

Kichwa kile kinachokutwa kitandani ni cha kweli, kilitoka kiwanda cha chakula cha mbwa huko New Jersey. Paka alikuwa anazurura tu kwenye studio, Coppola akamweka mikononi mwa Brando bila mpango, na paka akaona raha kiasi kwamba ngurumo zake zilifunika baadhi ya maneno. Rudini kwenye hesabu sasa.

*

"Mama Pazia, nina miaka ishirini na mbili. Kampuni moja ya tamthilia za televisheni ilinipigia simu kwamba nimepata nafasi ya dada wa mhusika mkuu. Nilimwambia mama, mama akaambia kanisa. Baadaye nikaona tangazo, nafasi hiyo ina mtu mwingine. Hawashiki simu yangu. Naona haya kwenda hata sokoni." – Aliyeachwa kwenye Mataa, Busia

Pole, binti. Nitakupa kisa cha Carmine Caridi. Alikuwa mwigizaji mrefu, futi sita na zaidi, na alikuwa ameshahakikishiwa nafasi ya Sonny, yule kaka mkali. Kisha Robert Evans wa Paramount akamwekea Coppola biashara mezani: nitakukubalia Pacino, lakini Sonny awe James Caan. Sababu mojawapo ilikuwa kwamba Caridi akisimama kando ya Pacino, Pacino atapotea. Yaani mtu kapoteza kazi kwa ufupi wa mwenzake. Caan alikuwa amesoma chuo kikuu cha Hofstra pamoja na Coppola, na tangu mwanzo alikuwa miongoni mwa wale ambao Coppola aliwajaribu San Francisco kwa gharama ndogo, yeye, Pacino, Duvall na Diane Keaton. Studio ikamwaga pesa kujaribu watu wengine chungu nzima, ikaishia kwa haohao wanne.

Caridi alipata nafasi ndogo katika filamu ya pili na ya tatu. Miaka mingi baadaye, mwaka wa 2004, taasisi inayotoa Oscar ilimfukuza uanachama kwa sababu nakala za filamu alizotumiwa kama mpiga kura zilikuwa zinaishia mikononi mwa wezi wa hakimiliki. Wale vijana wanaojaza watu filamu kwenye flashi pale Kondele wajue wana mzee wao.

Mlango huohuo uliomfungia Caridi ulikuwa na upande wa pili. Pacino alikuwa amejifunga na filamu nyingine, The Gang That Couldn't Shoot Straight. Alipochukuliwa na Coppola, pengo lake huko likazibwa na kijana aliyekuwa ameshapangiwa nafasi ndogo ya Paulie ndani ya The Godfather, ambaye pia alikuwa amejaribiwa kwa Sonny akakosa. Akaaga akaenda. Kijana huyo ni Robert De Niro. Kwa kuwa hakuwemo kwenye filamu ya kwanza, ya pili ilipokuja hakuna sura iliyomzuia kuwa Vito wa ujanani, na nafasi hiyo ikampa Oscar.

Sikwambii kwamba nawe utakuwa De Niro. Nakwambia hao wa tamthilia hawakukupa kazi, walikupa salamu. Kazi ni karatasi yenye tarehe, malipo na sahihi, na mpaka uione, mama asiambie kanisa. Usiwapigie tena. Waandikie ujumbe mmoja wa heshima kwamba bado unapatikana, halafu tafuta jukwaa lolote lenye watu mbele yake, hata la harambee. John Cazale, anayeigiza Fredo, hakuitwa na mtu. Fred Roos, msaidizi wa Coppola katika kusaka waigizaji, alikwenda kumtazama Richard Dreyfuss katika tamthilia ndogo jijini New York, akatoka pale na jina la mtu mwingine aliyekuwa kwenye jukwaa hilohilo. Cazale aliigiza katika filamu tano tu kabla ya kufariki mwaka wa 1978, na zote tano ziliwania Oscar ya filamu bora.

Busia si mbali. Mwanzoni mwa muhula kundi letu litafanya majaribio, na natafuta msichana wa nafasi ya binti anayerudi nyumbani baada ya kukosa kazi mjini, nadhani hapo una mtaji. Usiniletee picha zilizong'arishwa kwa simu. Njoo na viatu bapa, maana kuna kipande cha kukimbia, na ujue utasoma maneno nitakayokupa palepale. Nauli ya kuja ni yako, ya kurudi italipwa na kundi.